Ukurasa wa Pili wa Don Egidio

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya Misa, Don Egidio alipanda ghorofa ya pili akapita mabwenini akigusa vyuma vya joto. Vilikuwa chini ya kila dirisha, vyuma vinene vinavyopitisha maji ya moto, naye alivigusa kwa mgongo wa kiganja kama mama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Kikiwa baridi, alipita. Kikiwa cha moto kwenye chumba kisicho na mtu, aliinama, akashika goti kwa mkono mmoja, akafunga koki kwa mkono wa pili, akainuka polepole huku akisema "Ee Bwana", na haikuwa sala.

Vyumba visivyo na mtu vilikuwa karibu vyote. Seminari yetu ya Montelarvo ilijengwa kwa ajili ya wavulana mia na zaidi. Majira yale walibaki wanne, na mmoja wao alirudi kwao kila Ijumaa kwa sababu ya pumu. Aliyekuwa akifungua vile vyuma ni gombera, Don Oronzo, mkuu wa nyumba, ambaye hakuvumilia nyumba ikae baridi na giza. Jioni aliwasha taa kwenye vyumba vitupu vya upande wa barabara, ili watu wakitoka dukani waseme, seminari ipo. Nao walisema. Mama yangu Carmosina, mpishi wa pale, alisema ni kama mjane anayeanika mashati ya marehemu kambani ili wezi wadhani kuna mwanamume ndani.

Don Egidio ndiye aliyetunza hazina ya nyumba. Aliingia pale mtoto wa miaka kumi na moja, na ukiacha miaka ya masomo ya upadre na zile wiki za baada ya tetemeko tulipolala wote kwenye mahema, hakuwa amewahi kulala mahali pengine. Kuhubiri hakuweza, na mwenyewe alijua. Akipanda mimbarini watu walianza kukohoa. Kazi yake ilikuwa mafuta ya tanuri lililochemsha maji ya vile vyuma, magunia ya viazi, vioo vilivyopasuka, mafundi waliosema watakuja kesho. Kanzu yake iling'aa viwikoni kwa uzee. Kahawa ya asubuhi aliinywea jikoni kwetu, amesimama, mgongo ukielekea jiko. Mimi nilikuwa nimeacha shule baada ya darasa la nane na nilimsaidia mama. Mtu anayemenya viazi haangaliwi na mtu, kwa hiyo niliyasikia mengi.

Tulikuwa na Askofu mpya, mtu wa kaskazini, mrefu, asiyeinua sauti. Baada ya Jumapili ya Seminari, ile ambayo vikapu hupita makanisani na bibi vizee wakafungua mafundo ya leso zao, alimwita Don Egidio. Hakumwita gombera. Akamwambia kabla ya Kwaresima amletee kurasa mbili. Wa kwanza useme nyumba inakula nini. Wa pili useme imezaa nini.

Don Egidio aliyarudia maneno hayo jikoni kama mtu anayesimulia alivyoambiwa na daktari.

"Na ukiandika, wataifunga?" mama akauliza.

"Nikiandika ukweli, wataifunga. Nikiandika vizuri, tutapata kama miaka mitano."

"Basi andika vizuri, Padre. Baada ya miaka mitano wewe na mimi tutakuwa tumechoka vya kutosha, wafunge wanavyotaka."

Mama hakuwa anatania sana. Ikifungwa, yeye hana kazi, na Montelarvo hakuna jiko jingine linalolipa. Don Egidio naye angepelekwa kwenye nyumba ya mapadre wazee, kwenye mji wa mkoa. Aliwahi kwenda kumtembelea mwalimu wake wa zamani huko, akamkuta amefungwa kitambaa shingoni, analishwa supu na msichana anayemwita "babu mzuri". Siku ile alirudi hakula, akashinda kwenye chumba cha tanuri akisafisha bomba ambalo halikuwa chafu.

Ukurasa wa kwanza aliumaliza asubuhi moja tu. Gharama za nyumba alizijua kama rozari: mafuta, paa lililorekebishwa baada ya tetemeko, walimu wa kukodi, chakula. Mvulana mmoja alikuwa akila kwa mwaka zaidi ya mshahara wa mwalimu mjini, na hapo si tumbo lake, ni ukubwa wa nyumba iliyomzunguka. Alisema hayo bila hasira, akapuliza kahawa.

Ukurasa wa pili ulikaa mweupe. Kilichomkwamisha ni neno lenyewe. Kwa kuuliza imezaa nini, Askofu alitaka kujua waliodumu. Kwetu hilo ni neno la kila mama. Mtoto akiingia seminari watu hawaulizi kama anafaulu, wanauliza, anadumu? Aliyefika upadre amedumu. Aliyerudi nyumbani hakudumu, hata akawa meya wa mji.

Gombera alishuka jikoni siku moja akisugua mikono, akamkuta mwenzake ameegemea jiko. Akamshauri ahesabu wote waliowahi kupita pale tangu vita viishe. Hao wote, alisema, ni baba wa familia, ni Wakristo wanyofu, seminari iliwapa msingi, na nani atasema hawakudumu kwa namna yao?

"Kudumu ni neno pana, Egidio."

"Pana kama bweni letu," Don Egidio akasema. "Na tupu vilevile."

Gombera hakucheka. Akasema roho haipimwi kwa mizani. Don Egidio akajibu kwamba mafuta yanapimwa kwa lita, na gari la mafuta linakuja Jumanne. Lakini maneno ya gombera yalimwingia, nadhani, kwa sababu siku mbili baadaye aliniuliza kama ile bajaji ya mizigo ya mjomba Saverio bado inapanda milima. Gari la nyumba lilikuwa la gombera. Alitaka kwenda kuwaona hao Wakristo wanyofu kwa macho yake, kabla hajawaandika.

Bajaji ilipanda, kwa kulia. Kibandani panatosha dereva mmoja, na dereva nilikuwa mimi, kwa hiyo Don Egidio alikaa nyuma mahali pa makabichi, juu ya kiti cha jikoni tulichokifunga kwa kamba, mwavuli mkononi na blanketi magotini. Kwenye njia panda ya Pietrafonda mkuu wa polisi alitusimamisha. Kubeba mtu nyuma ni kosa, na yeye alijua kwamba sisi tunajua.

"Mzigo gani huo?" akaniuliza, huku akimwangalia Don Egidio.

"Padre mmoja mzee," Don Egidio akajibu mwenyewe kutoka chini ya mwavuli. "Hauna risiti."

Mkuu akageuka kutazama upande wa bonde mpaka tukapita.

Wa kwanza alikuwa Canio, mwenye bucha pale Pietrafonda. Alikaa seminari miaka sita, akatoka mwenyewe. Don Egidio alipoingia, Canio aliacha kisu, akasimama wima, akaweka mikono nyuma, mikono yenye damu, kama walivyofundishwa kusimama mkubwa akiingia darasani. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, naye akatazama mikono yake akacheka pia.

Alipoelezwa shida iliyotuleta, alifuta meza ya mbao kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nahesabiwa au sihesabiwi?"

"Neno ni waliodumu."

"Padre, mimi nimedumu na mke mmoja miaka ishirini, na mke mwenyewe ni Vitina, unamjua tangu anabatizwa. Niandike."

Foleni nzima ikacheka. Halafu Canio akashusha sauti. Akasema pale seminari alijifunza kukaa kimya, na bucha ya mtu mkimya inapata wateja, maana wanawake wanajisemea wenyewe. Kilatini kilimtoka chote isipokuwa nyimbo za mazishi. Akatufungia soseji kwenye karatasi, akakataa kulipwa.

"Wewe angalau umedumu, Padre," alisema tulipokuwa mlangoni.

"Mimi nilibaki, Canio. Si kitu kimoja. Hata kabati linabaki."

Baada ya hapo tulitoka kila Alhamisi, na siku nyingine za katikati, theluji ikiruhusu. Sitasimulia nyumba zote. Wengi hawakuwapo. Walikuwa Torino kwenye viwanda, au Ujerumani, na aliyetufungulia mlango alikuwa mama, au dada, akileta picha ya arusi kwenye fremu. Waliokuwapo walisimama mikono nyuma. Mmoja alikuwa mkuu wa stesheni ambayo treni hazisimami tena. Mmoja aliyefika upadre tulimkuta anaishi na mwanamke na watoto wawili, akamwomba Don Egidio abariki nyumba, naye akabariki, akaja kukaa kwenye kiti chake cha kabichi. Kila tukirudi alikuwa mzito zaidi kumshusha. Mama alimwambia ataugua mapafu, ukurasa wenyewe ungekuwa umeshaisha kama angefanya kama gombera alivyosema. Alikubali kwa kichwa, akala maharage yake, Alhamisi akaja na mwavuli.

Wa mwisho alikuwa Liborio wa Serralupa, aliyeondolewa seminari mtoto wa miaka kumi na tano, zamani, kabla mama yangu hajazaliwa. Serralupa ni kijiji cha juu kabisa, watu wachache na mbuzi. Tulijua Liborio hayupo. Tulikwenda kwa mama yake, Incoronata, aliyekuwa amekwisha kuwa mdogo kama mtoto ndani ya shali lake jeusi. Alifungua mlango nusu.

"Umekuja kuzika au kuomba?"

"Kuuliza tu," Don Egidio akasema.

"Basi kuomba." Akaturuhusu.

Ndani kulikuwa na moto mdogo na shada la pilipili hoho kavu ukutani. Don Egidio akauliza habari za Liborio. Incoronata akasema yuko Ubelgiji, alikwenda migodini kijana mdogo, makaa ya mawe yamemla mapafu, sasa anakaa kitini mchana kutwa, na barua huandika Krismasi tu. Hakurudi Serralupa hata siku moja. Hata baba yake alipozikwa. Alipotoka seminari watoto wa kijiji walimwita Nusu Padre, na vijana wakaendelea, na wazee wakaendelea, mpaka asubuhi moja akashuka bondeni na kifurushi.

"Lakini siwalaumu," akasema. "Kosa lilikuwa langu."

Aliinuka, akaenda kwenye kasha lililokuwa chini ya kitanda, akarudi na kitambaa. Mimi nilikijua mara moja, ingawa sikuwa nimewahi kukiona nje ya jeneza. Ni nguo ya mikono. Siku ya upadrisho Askofu hupaka mafuta viganja vya padre mpya na mikono hufungwa kwa utepe wa kitani; utepe huo padre humpa mama yake, na mama akifa anazikwa nao vidoleni, ili huko aendako waone amezaa nini. Huku milimani mama huufuma mwenyewe mara mtoto anapoingia seminari. Ila haupindi. Kingo zinaachwa na nyuzi zinazoning'inia, mpaka mkesha wa upadrisho. Ukipinda mapema unakuwa umemfungia mtoto njia.

Wa Incoronata ulikuwa umepindwa pande zote nne, kwa mishono midogo iliyolingana.

"Nilikuwa na furaha," akasema. "Alikuja likizo na kanzu yake ndogo, akatusomea Injili mezani. Usiku ule nikapinda. Jirani akaona, akaniambia, Incorona', umefanya nini. Haukupita mwaka, mume wangu akaitwa huko kwenu, akaambiwa mtoto hana wito."

Don Egidio aliuchukua ule utepe akauangalia karibu na moto. Nilidhani anatafuta neno la kumfariji, na nikaona haya kwa niaba yake, maana maneno ya namna hiyo hayakuwa kazi yake. Theluji ilikuwa inayeyuka juu ya paa, maji yakidondoka nje ya mlango.

"Upindo hauna kosa," akasema mwishowe.

"Wewe mambo ya sindano utayajulia wapi?"

"Mwaka ule mvua ya mawe ilipiga mashamba ya Serralupa."

"Ilipiga. Hatukuvuna hata mbegu."

"Basi ngano yenu ya karo haikufika seminari. Ya wengine pia haikufika, vijiji vyote vya juu. Gombera wa wakati ule alisema nyumba haiwezi kuwalisha. Lakini aliona aibu kuwaambia wazazi, mtoto wako harudi kwa sababu ya magunia. Kwa hiyo tukasema wito. Mimi nilikuwa padre kijana, nilisimama mlangoni nikiwaita mmoja mmoja. Nilimwita mumeo. Hakuna aliyempima Liborio wito, Incorona'. Ilikuwa ngano."

Incoronata alinyoosha mkono akarudishiwa utepe wake. Akaukunja mara mbili, akaukunjua, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Kila Pasaka naungama upindo huu," akasema. "Tangu siku ile. Kila Pasaka. Na ninyi mnanisamehe."

Don Egidio akasogeza kuni motoni.

"Hata wewe uliwahi kunisamehe. Mwaka ule paroko alipovunjika mguu, ukaja wewe."

"Sikukumbuka," akasema. "Nilisikia dhambi ya sindano, nikadhani uliiba."

Halafu mama yule mzee akauliza, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho, huyu mwanawe ataandikwa wapi kwenye hizo karatasi za Askofu. Don Egidio akasema ukweli, kwamba ukurasa wa waliodumu hauna nafasi yake.

"Na ule mwingine?"

"Ule mwingine ni wa gharama. Mafuta. Paa."

"Muweke huko," akasema Incoronata.

Hakututengenezea kahawa. Kwetu hata anayekuja kukudai anapewa kahawa. Alitusindikiza mpaka kizingitini, akamkumbusha Don Egidio mwavuli wake, akafunga mlango.

Kurudi, hakutaka kukaa nyuma. Tulibanana kibandani, bega lake likinisukuma kwenye mlango, na njia yote hakusema kitu isipokuwa mara moja, kunionya kuhusu mbwa.

Kesho yake aliandika mezani kwetu, kati ya vitunguu, kwa sababu jikoni ndiko palikuwa na joto. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya mafuta na paa na walimu, akaongeza majina ya watoto walioondolewa mwaka wa mvua ya mawe, wote aliowakumbuka, Liborio wa kwanza. Kwenye ukurasa wa pili aliandika waliofika upadre, na hao hawakujaza mstari. Chini yake akaandika: waliodumu, sijui. Akamsomea mama.

Mama alikuwa anakaanga pilipili. Akazigeuza, akazitoa kabla hazijaungua.

"Umeniandika nje ya jikoni kwangu," akasema.

"Ndiyo, Carmosi'."

"Na wewe utalishwa supu na wasichana."

"Ndiyo."

Akamjazia sahani, akamsukumia, lakini hakukaa naye mezani siku ile.

Alichoambiwa na Askofu alitusimulia kwa vipande, siku kadhaa, kama mtu anayetoa miiba. Askofu alisoma amesimama. Alipofika kwenye majina akasema ukurasa huu ni wa gharama, na hawa ni watu. Don Egidio akasema, ndiyo, Baba Askofu. Askofu akauliza kama kuna yeyote kati yao anayedai kitu. Don Egidio akasema hakuna anayedai. Basi Askofu akaziweka karatasi kwenye meza, akasema alichokuwa ameamua labda tangu mwanzo. Nyumba itafungwa mwezi wa sita. Wavulana wanne watapelekwa seminari ya kanda. Gombera atapewa kiti cha heshima kanisa kuu. Na Don Egidio asiwe na wasiwasi, kuna chumba kimetengwa kwenye nyumba ya wazee, upande wa jua, chenye joto.

Gombera aliacha kumsalimu. Mara moja tu alimsimamisha kwenye korido, mbele ya wale wavulana, akamwambia amechoma nyumba iliyomlea.

"Haikuungua, Don Oronzo," akasema. "Mafuta ndiyo yamekwisha."

Jioni taa za vyumba vitupu ziliendelea kuwashwa. Watu wa mjini walikuwa wamekwisha kusikia, na sasa wakipita walitazama chini.

Ilikuwa mwezi wa tatu, asubuhi yenye baridi kavu. Nilimsikia akipanda ghorofa ya pili kama kawaida yake, hatua, koki, hatua, lakini alichelewa kushuka kuliko siku zote, na mama akaanza kulalamika kwamba kahawa inapoa. Nikatumwa kumwangalia. Nilipofika kwenye ngazi nikakutana na joto. Lilikuwa linashuka kutoka bwenini kama pumzi ya ng'ombe, na madirisha yote ya korido yalikuwa yametoka jasho. Alikuwa ameifungulia nyumba nzima, kila chuma, kila chumba, mpaka vile vya mwisho ambavyo hata gombera hakuvifikia. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kimoja kisicho na godoro, kanzu imefunguliwa vifungo vya juu. Aliponiona aliinuka.

"Kengele imelia?"

Nikamwambia imelia zamani.

Aliadhimisha Misa, akaja jikoni, akanywa kahawa amesimama, mgongo kwenye jiko. Mama alimuuliza atakula nini mchana. Akasema chochote. Akaokota makombo ya mkate mezani kwa ncha ya kidole, akayala, akaosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mama akamnyang'anya akakiosha tena. Akachukua nyuma ya mlango koti lake la baridi na kile kimkoba alichokuwa akienda nacho kwa muuza mafuta. Mwavuli aliuacha.

"Padre, unakwenda kwa muuza mafuta?" mama akauliza. "Leo si Jumanne."

"Si Jumanne," akakubali.

Alisimama kidogo mlangoni, akatazama juu, mahali ambapo bomba la joto linaingia ukutani, na mkono wake ukainuka kama anataka kuligusa. Hakuligusa. Akasema, "Carmosi', funga nyuma yangu, joto lisitoke."

Alishuka ngazi za uani akishikilia ukuta, akapita karibu na bajaji, akalipigapiga bodi lake kama mtu anavyopiga nyumbu, akatoka kwa lango la kuingizia makabichi. Kutoka pale njia ya kushoto inakwenda kituo cha basi la mkoani, na ya kulia inapanda kwenda Serralupa. Mama alikuwa ameshafunga mlango kama alivyoambiwa, na kioo kilikuwa na mvuke, hatukuona alishika ipi. Mchana tulimwekea chakula, sahani juu ya sahani. Nyumba ya wazee walipiga simu wiki iliyofuata kuuliza atakuja lini, na gombera akawajibu kwamba alidhani yuko kwao.

Hakurudi.